Creeper wa Uzi: Mwongozo wa Kufuma Kiumbe wa Minecraft kwa Sindano Mbili

Kimumu iko kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Iten, katika nyanda zilizo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya huko imeifanya sweta kuwa vazi la mwaka mzima. Ndiyo maana si ajabu kukuta jozi ya sindano za kufumia na mabonge ya uzi uliobaki katika nyumba za mtaa huo. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye vitu hivyo viwili pamoja na mtoto anayecheza Minecraft kwenye simu. Unaonyesha jinsi ya kufuma Creeper, yule kiumbe wa kijani mwenye miguu minne mifupi na asiye na mikono. Hoja ninayoisimamia ni kwamba huna haja ya kununua ruwaza kutoka ng'ambo. Gemu yenyewe imekwisha kutoa vipimo vyote. Na mtindo wa kwanza anaofundishwa kila anayejifunza kufuma, ule wa vitanzi vya mbele katika kila mstari, ndio unaoweza kuvichukua vipimo hivyo vilivyo, bila kuvipunguza wala kuviongeza. Wengi huuona mtindo huo kuwa wa wanagenzi tu. Kwa kazi hii ndio bora kuliko mingine yote, na nitaeleza sababu kabla ya kufika kwenye hatua.

Kwa nini Creeper

Viumbe wa Minecraft wamejengwa kwa maboksi, na kila boksi lina upana, kimo na kina vinavyohesabiwa kwa pikseli nzima. Kichwa cha Creeper ni pikseli 8 kwa 8 kwa 8. Kiwiliwili kina upana wa pikseli 8, kimo cha 12 na kina cha 4. Kila mguu una upana wa 4, kimo cha 6 na kina cha 4. Ukipandisha kiwiliwili juu ya miguu na kichwa juu ya kiwiliwili, unapata kimo cha pikseli 26. Hakuna mviringo wala mteremko wa kukisia. Linganisha na Kirby, kiumbe wa gemu za Japani aliyeanza mwaka 1992, ambaye mwili wake wote ni tufe. Au Pikachu wa Pokémon, mwenye mashavu, masikio yaliyochongoka na mkia wa kukunjakunja. Hao wanamtaka mfumaji aongeze na kupunguza vitanzi karibu kila mstari, na kosa moja dogo linaonekana usoni. Creeper anataka vipande vya mstatili tu, na kila aliyewahi kufuma skafu anajua kufuma mstatili.

Umbo la kiumbe huyu lilitokana na vipimo kubadilishana nafasi. Markus Persson, Mswidi aliyeiunda Minecraft, alikuwa akijaribu kutengeneza nguruwe. Akachanganya urefu wa mwili na kimo chake, na yule nguruwe akasimama wima. Kosa hilo liliachwa, na leo sura ya Creeper inatambulika hata kwa watu wasiowahi kuicheza gemu. Kwa mfumaji, kisa hicho kina onyo la kweli: upana na kimo vikibadilishana kwenye daftari lako, utapata mnyama mwingine. Andika upana kwanza kila mara, kisha kimo, na usiwahi kugeuza utaratibu huo katikati ya kazi.

Kwa nini matuta

Ugumu unaowashinda wengi wanaojaribu kuhamisha picha ya gemu kwenye uzi ni kwamba kitanzi si mraba. Chukua ufumaji laini, ule wa mstari mmoja wa vitanzi vya mbele na mmoja wa vitanzi vya nyuma. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4, sentimita 10 huchukua takriban vitanzi 22 kwa upana, lakini mistari 28 kwa kimo. Ukifuma uso wa Creeper kwa vitanzi 16 na mistari 16 kwa mtindo huo, utapata kipande chenye upana wa zaidi ya sentimita 7 na kimo kisichofika 6. Uso utakuwa umebonyea, na mtoto atauona mara moja, hata asipoweza kusema una kasoro gani. Tena kipande hicho hujikunja kingo zote nne, na kukishona kwenye boksi ni taabu tupu.

Sasa chukua ufumaji wa matuta. Unafuma vitanzi vya mbele tu, kwenda na kurudi, na kila mistari miwili inaacha tuta moja linalokatiza kipande kutoka ukingo hadi ukingo. Katika mtindo huu kitanzi kimoja kina upana unaokaribia sana kimo cha tuta moja. Kwa hiyo vitanzi 16 na matuta 16 vinatoa mraba, na vitanzi 16 na matuta 24 vinatoa mstatili wenye uwiano uleule wa 8 kwa 12 ulio kwenye gemu. Faida ya pili ndiyo inayonifurahisha zaidi: unaposhona ukingo wa juu wa kipande kimoja kwenye ukingo wa pembeni wa kingine, kitanzi kimoja kinakutana na tuta moja, hadi mwisho, bila kubaki na ziada ya kukunjwa. Na faida ya tatu ni kwamba kipande cha matuta hakijikunji. Kinalala bapa mezani kama kitambaa kilichopigwa pasi.

Wapo watakaosema kwamba matuta yanaharibu ulaini wa uso na kwamba Creeper wa kwenye skrini hana mistari. Mistari hana, lakini ulaini pia hana. Mtazame kwa karibu: ngozi yake ni madoadoa ya kijani cha aina nyingi, kimoja kikavu, kingine kikali. Matuta yanaipa ngozi ya kidoli mikwaruzo inayokaribia madoadoa hayo kuliko ufumaji laini unavyoweza. Tena hali hiyo inakuruhusu kutumia mabaki ya uzi wa kijani wa rangi mbalimbali, jambo ambalo kwa vidoli vingine lingeonekana kama umaskini wa vifaa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la kroshia. Wanawake wengi wa Kenya ni mahodari wa kroshia kuliko sindano mbili; vitambaa vya makochi katika sebule za nchi nzima ni ushahidi wa kutosha. Wajapani nao wameufanya ufumaji wa vidoli kwa kroshia kuwa sanaa inayoigwa duniani kote. Sibishani na hilo. Kama mtoto wako anamtaka Kirby, chukua kroshia, kwa sababu kroshia huzunguka kwa urahisi na tufe hutoka bila mshono. Lakini sifa hiyo ndiyo inayoifanya kuwa nzito kwa boksi, maana pembe kali huijia kwa shida. Chagua kifaa kwa kutazama umbo, wala usiruhusu mazoea yakuchagulie.

Uzi, sindano na sponji

Eldoret ni jiji la nguo tangu zamani. Rivatex, kilichoanzishwa mwaka 1976 na kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ni kiwanda cha vitambaa. Kiwanda kingine, Ken-Knit, hutengeneza nyuzi na mablanketi. Uzi ulio rahisi kupata madukani ni wa akriliki, na kwa kidoli cha mtoto ndio unaofaa: unaoshwa bila kusinyaa, haugharimu kama sufu, na rangi zake hazichuji haraka. Sufu ni nzuri, lakini ukiitia kwenye maji ya moto na kuisugua itashikamana na kusinyaa. Kama una bonge lisilo na lebo, kata kipande kifupi, kishike kwa koleo juu ya bakuli la maji, na uchome ncha. Akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha jivu linalopondeka kwa vidole. Usichanganye aina hizi mbili ndani ya kidoli kimoja, kwa sababu siku ya kwanza ya kuoshwa kitapinda.

Mabaki yanayotoka kwa mafundi wa sweta za shule yanahitaji uangalifu. Uzi wa koni unaotumika kwenye mashine huwa mwembamba kuliko wa mkono. Shika nyuzi mbili au tatu pamoja hadi unene ulingane na uzi wako mwingine, na ukishaamua idadi usiibadilishe hadi kidoli kiishe. Kwa Creeper mzima, gramu 100 za kijani zinatosha. Nyeusi unahitaji kidogo tu, ya uso.

Sindano ziwe nyembamba kuliko zile lebo inazopendekeza kwa sweta. Sweta inataka kulegea, ilhali kidoli kinataka kubana ili kilichomo ndani kisichungulie. Kama uzi unasema milimita 4, tumia milimita 3.25. Ukiwa na sindano za zamani zenye namba za Kiingereza, kumbuka kwamba namba zinakwenda kinyume: namba 8 ni milimita 4, na namba 10, iliyo kubwa kwa tarakimu, ni milimita 3.25.

Cha kujazia ndicho kitakachoamua kama umetengeneza Creeper au mto mdogo wa kijani. Faiba ya mto wa zamani ni laini na inakauka upesi, lakini inasukuma pande zote sawasawa, na boksi linavimba. Vipande vya sponji vinavyobaki kwa mafundi wa makochi na magodoro vinaweza kukatwa kwa pembe kali, na pembe hizo ndizo zitakazoshikilia umbo. Nafaka, maharagwe, pumba na vumbi la mbao viache kabisa. Vinaalika wadudu, haviwezi kuoshwa, na katika miezi ya mvua ndefu ya kaunti hii ya Uasin Gishu huota ukungu.

KISANDUKU CHA VIPIMO

*Pikseli 1 = vitanzi 2 kwa upana, matuta 2 kwa kimo. Tuta 1 = mistari 2.*

- Kichwa: vipande 6, kila kimoja vitanzi 16 × matuta 16
- Kiwiliwili, mbele na nyuma: vipande 2, vitanzi 16 × matuta 24
- Kiwiliwili, kushoto na kulia: vipande 2, vitanzi 8 × matuta 24
- Kiwiliwili, juu na chini: vipande 2, vitanzi 16 × matuta 8
- Miguu, ukanda wa kuzungushia: vipande 4, vitanzi 12 × matuta 32
- Miguu, vifuniko vya juu na chini: vipande 8, vitanzi 8 × matuta 8
- Macho, kwa uzi mweusi: vipande 2, vitanzi 4 × matuta 4
- Pua na mdomo, kwa uzi mweusi: kipande 1 (tazama hatua ya 5)

Utaona kwamba ukanda wa mguu ndio pekee uliolazwa: vitanzi vyake 12 ni kimo, na matuta 32 ni mzunguko wa pande nne. Mguu ni mdogo, na kushona pande zake moja moja ni kujichosha bure. Kichwa na kiwiliwili nimevigawa vipande kwa makusudi, ili kila ukingo wa boksi uwe na mshono. Mshono ndio mfupa wa pembe. Ukifuma kichwa kama ukanda mmoja na kuuzungusha, pembe zitalegea baada ya wiki chache za kuchezewa.

Hatua kwa hatua

1. Jaribu mkono wako. Anzisha vitanzi 20, fuma matuta 20, kisha pima. Pande zote zikilingana, endelea. Kimo kikizidi upana, unavuta uzi bila kukaza; kikipungua, unakaza mno. Rekebisha mkono kwanza, na ikishindikana badilisha sindano. Sentimita zenyewe si muhimu hapa. Kinachotakiwa ni mraba.

2. Fuma kitanzi cha mbele, hicho tu. Kwa asiyewahi kufuma: ingiza ncha ya sindano ya kulia ndani ya kitanzi cha kwanza cha sindano ya kushoto, ukitokea mbele kwenda nyuma. Zungusha uzi kwenye ncha hiyo, uvute utokee mbele kupitia kitanzi, kisha uachilie kitanzi cha zamani kianguke. Rudia hadi mwisho wa mstari, geuza kazi, anza tena. Namna ya kuanzisha na kufunga vitanzi, mwombe jirani anayefuma sweta akuonyeshe kwa mkono. Maneno hayatoshi kwa hilo.

3. Kitanzi cha kwanza cha kila mstari kihamishe bila kukifuma. Ukingo utatoka na pingili moja kwa kila tuta, na wakati wa kushona utahesabu pingili badala ya kukisia.

4. Fuma vipande vyote vya kijani. Acha mkia wa uzi wa takriban sentimita 40 kwenye kila kipande, ndio utakaoshonea. Hesabu vitanzi kila baada ya matuta 4.

5. Fuma mdomo kwa kipande kimoja. Anzisha vitanzi 4 vyeusi, fuma matuta 2: hiyo ni pua. Ongeza vitanzi 2 kila upande uwe na 8, fuma matuta 4. Kisha fuma vitanzi 2 vya kwanza peke yake kwa matuta 2 na uvifunge. Funga vitanzi 4 vya katikati. Fuma 2 vya mwisho kwa matuta 2 na uvifunge. Umepata mdomo wenye ncha mbili zinazoning'inia, kama ulivyo kwenye gemu.

6. Weka uso kabla ya kuunga kichwa. Chora miraba 8 kwa 8 kwenye daftari la hesabu na utie rangi. Mistari miwili ya juu haina kitu. Mstari wa 3 na wa 4 una macho, kwenye miraba ya 2 na 3, na ya 6 na 7. Mstari wa 5 una pua, kwenye miraba ya 4 na 5. Mstari wa 6 na wa 7 una mdomo, kuanzia mraba wa 3 hadi wa 6. Mstari wa 8 una zile ncha, kwenye mraba wa 3 na wa 6. Jumla ni miraba 20 myeusi na 44 ya kijani. Ukipata tofauti, hesabu upya. Mpe mtoto kazi hii. Kisha bana vipande vyeusi kwa pini mahali pake na uvishone kingo zote kwa mishono ya karibukaribu.

7. Kata sponji. Pima vipande vyako vilivyokamilika, kisha kata sponji kubwa kidogo kuliko boksi, nusu sentimita kila upande, kwa kisu kirefu chenye makali. Ufumaji ukivutwa kidogo, pembe hunyooka.

8. Shona maboksi. Tumia sindano butu yenye tundu kubwa, na mshono wa kuzungushia ukingo upande wa nje. Kitanzi kwa tuta, tuta kwa kitanzi. Funga pande tano, ingiza sponji, kisha funga ya sita. Kwa mguu, unga ncha mbili za ukanda uwe bomba, kisha shona vifuniko. Kila upande wa kifuniko una 8, na mzunguko wa bomba una 32.

9. Unga miguu, na hapa usiifuate gemu. Ndani ya Minecraft miguu ya Creeper iko mbele na nyuma ya kiwiliwili, na inakigusa kwenye ukingo tu. Kompyuta haijali, lakini uzi hauwezi kushikilia kitu kwa ukingo. Sogeza miguu ndani: nusu ya kila mguu iwe chini ya kiwiliwili, nusu ichomoze nje, miwili mbele na miwili nyuma. Creeper atasimama kwenye mraba wa pikseli 8 kwa 8, ukubwa uleule wa kichwa chake, na hataanguka.

10. Unga kichwa. Tafuta mstatili wa katikati chini ya kichwa, vitanzi 16 kwa matuta 8, ushonee hapo sehemu ya juu ya kiwiliwili. Zunguka mara mbili. Kichwa ndicho kizito, na watoto hubeba kidoli kwa kukishika kichwa.

Kwa mkono wa kawaida, Creeper atatoka na kimo cha kati ya sentimita 22 na 26.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni kuhesabu mistari na kudhani ni matuta. Kipande kinatoka nusu ya kimo chake, na mfumaji anailaumu ruwaza. La pili ni kuongeza kitanzi bila kujua pembeni mwa kipande, kwa kawaida pale uzi unapopitishwa juu ya sindano badala ya kubaki chini yake. Ukigundua umefika 17, fumua hadi penye kosa. Kupunguza kimoja kimyakimya kutaacha kilima kwenye ukingo, na kilima hicho kitaonekana kwenye mshono. La tatu ni kupiga pasi. Akriliki ikiguswa na joto kali hulegea na haijirudi tena. Pasi moja inaweza kuharibu kichwa kizima. Mengine, kama mshono uliopinda au kijani kisicholingana, yaache. Hayamdhuru mtu.

Kabla ya kumpa mtoto, hakikisha:

- Hakuna kifungo, shanga wala jicho la plastiki. Uso wa Creeper ni uzi mtupu, na hiyo ni sababu nyingine ya kumpendelea kwa mtoto mdogo.
- Umevuta kila kipande cheusi kwa nguvu na hakikutoka. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kitu chochote kinachoweza kupita ndani ya bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba.
- Mikia yote ya uzi imefichwa ndani. Uzi mrefu unaoning'inia huzunguka kidole au shingo.
- Sponji haionekani popote ukivuta ufumaji kwa vidole.
- Kidoli hakitakaa karibu na jiko wala mshumaa. Sponji na akriliki zote mbili hushika moto upesi.

Kuosha ni kwa mkono, maji ya vuguvugu na sabuni. Kamua kwa kubana ndani ya taulo bila kusokota, na uanike asubuhi ya jua, kwa sababu sponji huchelewa kukauka.

Je, kazi hii ina thamani?

Atakayesema kwamba tedi bea wa mtumba ni rahisi kuliko saa zote hizi yuko sahihi, ikiwa kinachotafutwa ni kitu cha kulala nacho tu. Lakini tazama hatua ya 6 tena. Mtoto anayehesabu miraba 20 myeusi kati ya 64, kisha akaona kila mraba ukigeuka vitanzi 2 kwa matuta 2, amefanya hesabu ya uwiano na ya eneo kwa mkono wake, juu ya kitu anachokipenda. Mtoto aliyezoea kumtazama Creeper kwenye skrini anagundua kwamba kuna mtu aliyeketi akapanga namba ili kiumbe yule awepo, na kwamba namba hizohizo zinapatikana kwake. Duka halimuuzii mtoto jambo hilo, na kwangu linatosha kuhalalisha kazi yote.

Suala la kuuza ni tofauti. Creeper ni mali ya Mojang ya Stockholm, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2014. Kumfumia mwanao au mpwa wako zawadi ni jambo moja. Kupanga kumi sokoni kwa jina la gemu ni jingine, na nchini Kenya kazi za watu hulindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Anayetaka kuuza asome kwanza masharti ya mwenye mali. Hata hivyo naona kuna njia bora. Kule Njoro, kaunti ya Nakuru, Kenana Knitters wamekuwa wakifuma wanyama wa kuchezea kwa mkono tangu mwaka 1998, kwa sufu inayosokotwa papo hapo, na vidoli vyao vinauzwa ng'ambo. Soko la kidoli cha uzi kilichofumwa katika Bonde la Ufa lipo, na halikujengwa juu ya kiumbe wa kampuni ya mtu.

Kwa hiyo Creeper akishasimama mezani, mpe mtoto daftari la hesabu lenye miraba na penseli. Mwambie abuni kiumbe wake mwenyewe kwa maboksi, ampe jina, na aandike upana kabla ya kimo. Wewe zidisha kila namba kwa 2, uanzishe vitanzi.